Heko kwa Watunza Hazina wa Harlem

Inasimuliwa kwamba Arturo Schomburg, aliyezaliwa Puerto Rico mwaka 1874, aliambiwa na mwalimu wake kuwa watu weusi hawana historia. Maneno hayo yalimkaa moyoni. Alihamia New York, baadaye akaajiriwa benki, upande wa barua, na fedha zake zikawa zinaishia kwa wauza vitabu vikuukuu. Akapata maandishi ya watu weusi: mashairi ya Phillis Wheatley, almanaki za Benjamin Banneker, hati za Toussaint Louverture. Mwaka 1926 Maktaba ya Umma ya New York ikapata mkusanyo wake kwa dola 10,000 zilizotolewa na Shirika la Carnegie, ukawekwa tawi la Mtaa wa 135, Harlem.

Lakini kukusanya ni nusu ya kazi, kuna kutunza. Hapo namvulia kofia Catherine Latimer, mkutubi wa kwanza mweusi wa maktaba hiyo. Alikuwa akikata habari za watu weusi magazetini, kipande kwa kipande, na kuzipanga kwenye majalada. Karatasi ambayo wengine wangefungia maandazi, yeye aliiona ushahidi. Hongera zangu ni kwa mikono kama hiyo, isiyosifiwa.

Leo mkusanyo ule umekua ukawa Kituo cha Schomburg, chenye vitu zaidi ya milioni 10. Chini ya sakafu ya ukumbi wake, iliyochorwa mito, yamewekwa majivu ya mshairi Langston Hughes, na wageni hupita juu yake wakielekea ndani.