Mwalimu Mmoja Hatoshi: Mafunzo ya Chuo Kikuu katika Educating Rita

Tamthilia ya Willy Russell, Educating Rita, ilionyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Wahusika wanaoonekana jukwaani ni wawili tu: Frank, mhadhiri mlevi, na Rita, mfanyakazi wa saluni asomaye fasihi katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Mchezo wote unatendeka ofisini mwa Frank. Fani hiyo inatushawishi kuamini kwamba elimu ya Rita ni kazi ya mtu mmoja.

Maudhui yanaipinga dhana hiyo. Mwanzoni Rita anatoa insha ya sentensi moja: ugumu wa kuigiza Peer Gynt ya Ibsen utaondoka ikichezwa redioni. Frank anamfunza kuijenga hoja hiyo, na hapo anastahili sifa. Lakini Rita anapata kujiamini nje ya jukwaa, katika masomo ya kiangazi huko London, miongoni mwa walimu na wanafunzi wengine. Baadaye Frank, kwa uchungu, anajifananisha na Mary Shelley, kana kwamba ameumba dubwana.

Udhaifu wa Russell ni kutusikitisha mno kwa ajili ya mwalimu aliyeachwa, badala ya kumsaili. Msaada unaotegemea hisani ya mhadhiri mmoja huyumba naye akiyumba. Jambo hili latuhusu sisi tunaosahihisha insha za Kiswahili. Mwanafunzi aandikaye ili kumridhisha msahihishaji mmoja hujifunza mapendeleo ya mtu, si taaluma. Yafaa insha yake isomwe na wahadhiri wawili, na ijadiliwe na wenzake katika semina.