Majanji: Kosa Lilikuwa Kwenye Chujio

Mliokuwepo ufukweni Majanji mmeshasikia visingizio vya kijana wa Tororo aliyetoka na mfuko mtupu: mchanga umeshachakurwa, mashine yake ya kutafutia metali ni ya bei ya chini, koili yake ni ndogo. Vyote si kweli. Aliiharibu kazi mapema, alipopandisha chujio, yaani kidhibiti cha kunyamazisha metali zisizotakiwa, karibu na mwisho wake.

Tuiangalie hatua hiyo. Misumari ya mitumbwi ilimpigia kelele, vizibo vya soda vikafuata, naye akaamua kuvinyamazisha vyote kwa mpigo mmoja. Lakini chujio halijui msumari wala kizibo. Linapima jinsi metali inavyoitikia mawimbi ya koili, kisha linazima kila kilicho chini ya kiwango ulichoweka. Pete nyembamba ya dhahabu huitikia karibu sawa na kipande cha karatasi ya alumini. Ukiikata karatasi, umeikata na pete. Na sarafu je? Hapa mpakani, shilingi 1 mpya ya Kenya na sarafu nyingi za karibuni za Uganda ni chuma kilichopakwa nikeli, chuma kama cha misumari. Kwa hiyo kijana alikuja kutafuta sarafu, akaiamuru mashine inyamaze ikipita juu yake!

Kuna madhara ya pili, tena mabaya zaidi. Pale msumari na pete vinapolala ubavu kwa ubavu, mashine inayouzima msumari huizima na pete pamoja nao. Ufukwe wa wavuvi umejaa misumari. Hesabu mwenyewe alichokiacha.

Mengine aliyafanya sawasawa: koili sambamba na mchanga, mwendo wa pole, mizunguko inayopandana.

Lawama kubwa nawapa wauzaji, na hili nimelisema siku zote: wanamfundisha mtu chujio kabla ya kumfundisha kusikiliza. Tena wanampa mipangilio ya Mombasa, kwenye mchanga uliolowa chumvi inayoisumbua mashine. Majanji ni Ziwa Victoria, maji baridi. Kuisawazisha mashine na ardhi hapa hakusumbuliwi na chumvi. Wala kijana asiipeleke mashine hiyo kwenye machimbo ya dhahabu ya Tiira akitumaini utajiri. Dhahabu ya kule, kwa sehemu kubwa, ni chembe ndani ya mwamba. Husagwa na kuoshwa.

Wazee wa kazi hii hawakuwa na anasa ya chujio. Mashine ya Józef Kosacki, Mpolandi aliyeibuni mwaka 1941 akaitoa bila kudai hataza, ilisaidia kusafisha njia kwenye mabomu yaliyotegwa ardhini katika vita vya El Alamein mwaka 1942. Ililia kwa kila metali, na askari alisikiliza kila mlio. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alikuwa na chombo kizuri cha kutafutia risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, lakini daktari alimruhusu kupima upande wa kulia tu. Risasi ilikuwa kushoto. Ni kosa lile lile: kukizuia chombo kabla hakijasema.

Anayeanza aweke chujio sifuri, afukue kila mlio, kizibo kwa kizibo, mpaka sikio litenganishe mlio mkavu wa msumari na ule wa mviringo wa pete. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo mafunzo yenyewe. Chujio atalipandisha baadaye, kidogo kidogo, akijua anachokiacha ardhini.