Tahadhari ya Wachapishaji na Njaa ya Msomaji: Funzo la David Maillu

Ni desturi ya wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kuwalaumu waandishi kila uhaba wa maandishi mapya unapojadiliwa. Husemwa kwamba visa ni vilevile: kijana ahamiaye mjini, binti alaghaiwaye, tajiri dhalimu aangukaye. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini humsahau mtu ashikaye ufunguo wa mlango, yaani mchapishaji.

Na afikiriwe msomaji mtu mzima wa Kalamba, huko Makueni, atakaye riwaya isiyofanana na zile alizotahiniwa shuleni. Biashara ya vitabu nchini Kenya haikujengwa kwa ajili yake. Mchapishaji huishi kwa kitabu cha kiada, na riwaya hungojea kuteuliwa ili itahiniwe. Utengano (1980) na Kidagaa Kimemwozea (2012) zilienea mno kwa sababu ziliingia darasani. Kwa hiyo mhariri apokeapo mswada, huuliza kwanza kama utakubaliwa na shule, ndipo aulize kama una jambo jipya. Hesabu yenyewe imezidi kuwa ngumu: mwaka 2013 vitabu viliwekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, ikayapita maduka ya miji midogo.

Je, ni kweli kwamba nje ya shule hakuna wasomaji? Jibu lilitolewa zamani na mwana wa Makueni hiyohiyo. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alianzisha kampuni yake ya Comb Books jijini Nairobi mwaka 1972. Akatoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka 1974. Vilikuwa vitabu vidogo kuhusu makarani, walevi, makatibu muhtasi na mabwana wakubwa wa ofisini, na vilinunuliwa na watu ambao wachapishaji wakubwa hawakuwahesabu kuwa wasomaji. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976, na kabla ya muongo huo kwisha Comb Books ilikuwa imeanguka. Mwaka 1980 Maillu alipokelewa na Macmillan katika mfululizo wa Pacesetters, kwa visa vilivyopunguzwa makali.

Wahakiki wengi waliviita vitabu vya Comb takataka. Hukumu hiyo haikukosa msingi, kwani baadhi ya matusi yamo kwa ajili ya kuvuta mnunuzi tu, na urefu wa tenzi zake ungalipunguzwa na mhariri mwangalifu. Hata hivyo, kasoro hizo zenyewe ni gharama ya tahadhari. Mwandishi aliyefungiwa mlango hujichapishia mwenyewe, na ajichapishiaye hukosa mhariri wa kumpinga.

Jambo linalowahusu zaidi wanazuoni wa Kiswahili lilitokea baadaye. Katika Without Kiinua Mgongo (1989) na Anayekukeep (1990), Maillu alichanganya Kiswahili na Kiingereza kama wasemavyo wenyeji wa Nairobi, akavitoa tena kwa kampuni yake mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1990 Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona kwa shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wote wawili walikuwa wakijaribu mipaka ya lugha na umbo. Nagona ilipata wafafanuzi wengi vyuoni; majaribio ya Maillu yalipata wachache mno. Mtu aweza kuuchukia mchanganyiko ule, lakini kuuchukia si kuuhakiki.

Hapa ndipo lawama inapowarudia wahakiki. Mchapishaji hupima hatari kwa kuangalia kama kitabu kitazungumzwa. Ikiwa idara za lugha zitaandika miongozo ya vitabu vya mtihani peke yake, zitakuwa zimemthibitishia kwamba kitabu kisichotahiniwa hakina mtu. Kitabu kimoja kigeni kikihakikiwa kwa haki, kwa ubora na kwa ubovu wake, humpa mhariri sababu ya kuthubutu mara ya pili. Bila hivyo msomaji wa Kalamba ataendelea kurudia riwaya aliyoifanyia mtihani, na kuambiwa kwamba Waafrika hawapendi kusoma.