Maneno ya Huzuni: Kasoro za Kutafsiri Hojaji za Sonona katika Migori na Homa Bay

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyepata kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, ambamo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Alihukumu kwa wagonjwa walioletwa hospitalini. Aliyejiinamia kimya nyumbani kwake hakuhesabiwa. Mwaka 1979 Orley na Wing, baada ya kuwahoji wanavijiji wa Uganda, walionyesha kwamba ugonjwa huo uliwapata wengi kuliko hata wanawake wa mtaa mmoja wa London. Tangu hapo shaka haimo tena katika kuwako kwa ugonjwa, bali katika chombo cha kuupimia, na chombo hicho ni lugha.

Hojaji itumikayo sana ni PHQ-9, iliyoelezwa na Kroenke, Spitzer na Williams mwaka 2001. Ina maswali 9, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, na aghalabu afikishaye 10 huhesabiwa kuwa ahitaji kuchunguzwa zaidi. Basi swali moja lililotafsiriwa vibaya latosha kumtoa mtu kwenye 9 hadi 10, au kumrudisha.

Swali la pili huuliza kama mtu amejisikia kuwa "chini". Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mswahili huwa mnyonge, hujiinamia, huingiwa na simanzi, haendi chini. Katika Dholuo mfasiri hukimbilia neno *chuny*, makao ya hisia, lakini neno hilo hilo ni jina la ini. (Kiswahili nacho kisicheke: neno chungu humkata mtu maini.) Mjane wa Mbita asemapo kwamba *chuny* yake inauma, je, muuguzi aandike huzuni au maumivu ya mwili? Hojaji humtaka achague, ilhali msemaji hakutenganisha. Maswali ya uchovu, usingizi na hamu ya chakula yana utata zaidi, kwani kaunti hizi mbili zimo miongoni mwa zilizoathirika mno na UKIMWI nchini Kenya, na malaria haijaondoka ziwani.

Wako waliofuata njia bora. Bolton na wenzake, katika kazi yao ya Masaka na Rakai iliyochapishwa mwaka 2003, walitumia majina ya Waganda wenyewe, *okwekyawa* na *okwekubazida*. Katika kazi ya mwaka 2007 miongoni mwa vijana Waacholi walikuta *two tam*, *par* na *kumu*. Kiacholi ni ndugu wa Dholuo, na *par* lakaribiana na *paro*, yaani kufikiri. Hata hivyo undugu wa maneno si undugu wa maana: haifai kuichukua orodha ya Gulu na kuipandikiza Homa Bay kwa kuwa tu sauti zafanana.

Tena, Dholuo si lugha ya wote. Wasuba wa Rusinga na Mfangano walikuwa na lugha yao ya Kibantu, ambayo wengi wameiacha. Wakuria wa Migori wanayo ya kwao, na wenzao wako ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Mkuria akipewa hojaji ya Kiswahili hukuta "msongo wa mawazo", neno ambalo magazeti ya Kenya hulitumia kwa ugonjwa na kwa uchovu wa kazi vilevile. "Sonona" ni afadhali, kwa kuwa hutaja maumivu ya ndani yasiyokoma, ila vijijini halijazoeleka.

Watafiti hujitetea kwa tafsiri rejeshi. Utetezi huo ni dhaifu. Wasomi wawili wajuao Kiingereza wanaweza kukubaliana kikamilifu juu ya sentensi ambayo mama wa Kehancha haielewi. Kinachothibitika ni elimu yao. Lililo haki ni kuandika kwanza masimulizi ya wenye huzuni, kwa Dholuo, Kisuba na Kikuria mbalimbali, kisha maswali yatungwe kutokana nayo. Kazi hiyo yawahusu wanaisimu kabla ya madaktari, na idara za lugha hazijaidai.