Agis Aliupasua Mstari Wake Mwenyewe

Ushindi wa Sparta pale Mantinea mwaka 418 KK usitupumbaze. Mfalme Agis aliboronga, na waliookoa jahazi ni askari wake.

Ugonjwa wa falanksi, safu nene ya askari wa miguu wenye ngao, tunaujua. Hopliti, askari wa safu hiyo, alishika ngao kwa mkono wa kushoto, hivyo kila mmoja alijibanza kwa jirani wa kulia, na mstari mzima uliteleza upande huo. Siku ile majeshi yote mawili yaliteleza, Wamantinea, ubavu wa kulia wa adui, wakachomoza kuwapita Waskiritai 600, ncha ya kushoto ya Sparta.

Agis akaogopa kuzungukwa. Adui akiwa ameshakaribia, akawaamuru Waskiritai na wakongwe waliopigana chini ya jemadari Brasidas wajitenge, wasogee kushoto. Kisha akawaagiza makamanda Hipponoidas na Aristocles watoe vikosi viwili upande wa kulia wazibe pengo. Tazameni mfuatano huo: pengo linafunguliwa kwanza, wa kuliziba wanatafutwa baadaye, tena watoke upande wa pili wa mstari ambao tayari unatembea! Makamanda hao wakagoma. Agis akataka Waskiritai warudi. Muda ukawa umekwisha. Wamantinea pamoja na wenzao Waargos wateule 1,000 wakamiminika pengoni, wakawavunja na kuwakimbiza hadi kwenye magari ya mizigo, wakaua baadhi ya wazee waliokuwa wakiyalinda.

Makamanda wale walihukumiwa kwa woga, wakafukuzwa nchini. Nimelisema hili miaka nenda rudi na sichoki: wa kuhojiwa alikuwa mtoa amri. Ubavu ukizidiwa, bado una nafasi ya kupigana; mstari ukikatika, kila kipande kinapigana peke yake.

Kwingineko Sparta ilitembea taratibu kwa mdundo wa filimbi, safu zikashikana, na Waargos wengi wakatimka kabla ya kuguswa.

Linganisheni na Marathon, mwaka 490 KK, Waathens walipokabiliana na Waajemi. Huko mambo yalipangwa mapema: katikati pembamba, mabawa mazito. Katikati palipovunjwa, Waathens na Waplataea walioshinda pembeni waliwaacha Waajemi waliokuwa wakikimbia, wakayaunganisha mabawa na kuwageukia waliopenya. Kumwacha adui anayekimbia mbele yako ndiyo nidhamu ngumu kuliko zote za ubavuni, na jemadari wa Waathens, Miltiades, alikuwa na watu walioiweza.

Wamantinea hawakuiweza. Walifukuza mawindo, wakamwachia Agis nafasi ya kushinda katikati na kuwageukia. Kosa lake lilifunikwa na kosa lao, wala hakuna sifa ya ujemadari hapo.