Siri ya Ua Mmoja

Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha Muhammed Said Abdulla kilichoshinda mashindano ya 1957-58 na kupigwa chapa 1960, kilifanya mauaji kuwa jambo la nasaba. Bwana Msa, ingawa kiko chake kinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes, hategemei nyayo na majivu tu. Huuliza nani mwana wa nani. Jawabu limo vinywani mwa jamaa, waliokwisha kuzoea kulinyamazia.

Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliipitisha hofu kwenye waya wa simu, baina ya sauti zisizoonana. Ni hofu ya kweli ya mjini, lakini siyo ya mji mzima. Gerezani, jirani na Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vya wapangaji huku na huku, na ua mmoja nyuma wa kupikia na kufulia. Komeo likifunguliwa usiku, nyumba nzima husikia. Siri ya humo haikai kwa watu kutojuana. Hukaa kwa watu kusitiriana, na hilo ndilo la kutisha zaidi. Riwaya nyingi zilizofuata, zikikimbizana na bastola pamoja na Willy Gamba wa Elvis Musiba, ziliupita ua huo bila ya kupiga hodi.