Kabla ya Kofia ya Juan Valdez: Kahawa ya Kolombia Ilivyojijengea Jina

Shirika la Kahawa la Kimataifa, lenye makao yake London, hugawa kahawa ya dunia katika makundi manne ya bei. Robusta ina kundi lake. Arabika inayoanikwa na maganda yake, kama ile ya Brazili, ina kundi la pili. Arabika laini za Amerika ya Kati na kwingineko ni kundi la tatu. Kundi lililobaki huitwa Arabika Laini za Kolombia, na kahawa zake hutoka nchi tatu: Kolombia, Kenya na Tanzania. Maana yake ni kwamba buni ya Moshi na ya Nyeri hupangwa safu moja na buni ya Andes. Hata hivyo, nchi moja kati ya hizo tatu ndiyo iliyolipa kundi zima jina lake, na ndiyo ambayo mnywaji wa Marekani ameisikia tangu utotoni.

Ukiuliza sababu, utajibiwa upesi: Juan Valdez, yule mkulima wa kwenye matangazo mwenye masharubu, kofia ya majani na baghala wake Conchita. Jibu hilo ni nusu tu. Juan Valdez hakuwahi kulima popote. Alibuniwa mwaka 1959 na wakala wa matangazo wa New York, Doyle Dane Bernbach, walewale waliokuwa wakiwashawishi Wamarekani wanunue kigari kidogo cha Volkswagen. Shirikisho la wakulima lililomlipia lilikuwa tayari limetimiza miaka 32. Mengi yaliyoifanya sura ile ifanye kazi yalijengwa ndani ya miaka hiyo.

Mfuko ulitangulia

Mwaka 1927, mjini Medellín, wakulima waliunda Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Kahawa. Mwaka huohuo sheria iliweka ushuru kwa kila gunia linalosafirishwa nje, na serikali ikalikabidhi shirikisho fedha hizo kwa mkataba, kwa sharti kwamba zirudi kwenye kahawa. Mwaka 1940 vita vilipofunga masoko ya Ulaya, nchi za Amerika zilikubaliana kugawana soko la Marekani kwa mgao. Kolombia ikajikuta na kahawa isiyo na mnunuzi. Ndipo ukaanzishwa Mfuko wa Taifa wa Kahawa, ununue ziada na kuitunza ghalani. Siku hizi ushuru huo ni senti 6 za dola kwa kila ratili ya kahawa inayouzwa nje.

Uzuri wa mpango huu umo katika mahali ushuru unapokatwa. Haukatwi shambani wala kwenye chama cha msingi, ambako ni rahisi kukwepa. Unakatwa kahawa inapotoka nchini, na kampuni binafsi hulipa sawasawa na ushirika. Tatizo la kutangaza zao la taifa ni kwamba anayelipia tangazo ni mmoja na wanaonufaika ni wote, kwa hiyo kila mtu hungoja mwenzake aanze. Ushuru wa kila gunia ulilimaliza tatizo hilo kabla mtu yeyote hajafikiria kuchora nembo.

Kufananisha magunia

Kolombia ina zaidi ya familia 500,000 zinazolima kahawa, na zilizo nyingi zina mashamba madogo kwenye miteremko mikali. Nyingi humenya kahawa yao nyumbani, huichachua, huiosha na kuianika mpaka ibaki na lile ganda jembamba la ndani. Ni sawa na kusema nchi ina viwanda vidogo laki kadhaa, kila kimoja na mwenye nacho na uzembe wake. Ukiitangaza kahawa ya namna hiyo bila kuisimamia, kikombe cha leo kitakuwa kitamu na cha kesho kitanuka uvundo.

Shirikisho lilikabili jambo hilo kwa njia tatu. Ya kwanza ni elimu: kituo cha utafiti cha Cenicafé kilifunguliwa mwaka 1938 huko Chinchiná, na maafisa ugani wakapeleka matokeo yake hadi mashambani. Ya pili ni bei. Ushirika una vituo vya kununulia nchi nzima, na kwa mpango unaoitwa dhamana ya ununuzi, mkulima akileta kahawa yake siku yoyote itanunuliwa kwa fedha taslimu. Bei hutangazwa kila siku, ikikokotolewa kutokana na soko la New York, thamani ya peso na nyongeza inayolipwa kwa ajili ya asili ya Kolombia. Kisha sampuli hupimwa: zinahitajika kilo ngapi za buni yenye ganda ili kupata gunia moja la kilo 70 la kuuza nje? Kadiri kilo hizo zinavyopungua, ndivyo malipo yanavyopanda. Mkulima aliyechuma mbichi pamoja na mbivu huiona hasara yake palepale kwenye mizani, bila kuhubiriwa.

Njia ya tatu ni ukaguzi. Almacafé, kampuni ya maghala ya shirikisho iliyoanzishwa mwaka 1965, huchukua sampuli za mizigo kabla haijapakiwa melini, ikiwemo ya wafanyabiashara binafsi. Kahawa isiyofikia kiwango ilibaki nyumbani, na kwa miaka mingi Wakolombia wenyewe walikunywa hayo makapi huku nzuri ikienda ng'ambo.

Sura, kisha mkataba

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kahawa ya Kolombia ilikuwa njema, na haikujiuza. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili mwaka 1953, na mwaka uliofuata bei ikapaa. Kote duniani watu wakapanda mibuni, nayo ilipoanza kuzaa, bei ikaporomoka kuelekea mwisho wa muongo. Wakaangaji wa Marekani waliinunua kahawa ya Kolombia, wakaichanganya na nyingine na kuuza mchanganyiko huo kwa majina yao wenyewe. Mnywaji hakujua anakunywa ya nani, kwa hiyo mkulima hakuwa na hoja ya kudai senti hata moja ya ziada.

Mkakati wa 1959 ulikuwa kumruka mkaangaji na kuzungumza na mnywaji moja kwa moja. Matangazo hayakuuza pakiti ya kampuni yoyote. Yalifundisha: kahawa hii hukua milimani, huchumwa kwa mkono punje baada ya punje, huoshwa na kuanikwa juani. Mwigizaji wa kwanza alikuwa José Duval. Carlos Sánchez alimfuata mwaka 1969 na kuivaa kofia hiyo hadi 2006, alipompisha Carlos Castañeda, mkulima wa kweli wa kahawa. Miongo ikapita na mhusika akabaki yuleyule, jambo ambalo bodi nyingi za mazao haziliwezi, kwa kuwa kila mkurugenzi mpya huja na kaulimbiu yake.

Hatua iliyozaa fedha ilikuja mwaka 1981. Sura ya Juan Valdez, baghala na milima viliwekwa ndani ya nembo ya pembetatu, na mkaangaji aliyetaka kuitumia kwenye pakiti yake alitakiwa kutia saini kwamba ndani mna kahawa ya Kolombia kwa asilimia 100. Tazama mtego ulivyotegwa. Mkaangaji alipata bure umaarufu uliokwisha kulipiwa kwa miaka zaidi ya 20. Kwa malipo yake, aliutoa uhuru wa kuchomeka buni ya bei nafuu pale Kolombia inapopanda bei. Tangazo humfanya mteja apende, na pendo huisha. Mkataba humfunga mnunuzi, na hapo ndipo nyongeza ya bei ilipopata mguu wa kusimamia.

Nembo isipotosha

Mwezi Julai 1989 mfumo wa mgao chini ya Mkataba wa Kahawa wa Kimataifa ulivunjika, na bei ikaanguka. Ilipofika mwaka 2001, ratili moja ilikuwa chini ya senti 50 New York. Mfuko ukakauka na matangazo yakapunguzwa. Hapo likajitokeza kosa la zamani: wakati wa neema, fedha za kahawa zilikuwa zimepelekwa kwenye shughuli za mbali na kahawa, zikiwemo kampuni ya meli iliyoanzishwa mwaka 1946 na benki iliyoanzishwa mwaka 1953. Hazikudumu mikononi mwa wakulima, na benki ilichukuliwa na serikali mwaka 1999.

Shirikisho lilijibu kwa kulipeleka jina hatua moja mbele. Mwaka 2002 liliunda kampuni ya Procafecol na kufungua mgahawa wa kwanza wa Juan Valdez kwenye uwanja wa ndege wa Bogotá. Wakulima waliuziwa hisa, na kampuni hulipa Mfuko mrabaha kwa kutumia jina. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliisajili Café de Colombia kuwa jina la kijiografia linalolindwa, la kwanza kutoka nje ya Ulaya. Tangu hapo, huko Ulaya, sheria humbana hata yule asiyeingia mkataba.

Mtihani mgumu zaidi ulitoka shambani. Mvua zilizidi, ugonjwa wa kutu ya majani ukaenea, na uzalishaji ukashuka kutoka magunia ya kilo 60 yapatayo milioni 12.6 mwaka 2007 hadi chini ya milioni 8 mwaka 2009. Nembo ilikuwa inajulikana, ghala lilikuwa tupu. Hakuna tangazo lililoiokoa. Iliokolewa na vitalu: mbegu ya Castillo, inayostahimili kutu, ambayo Cenicafé ilikuwa imeitoa mwaka 2005, na kampeni kubwa ya kung'oa mibuni mizee na kupanda upya. Mwaka 2015 mavuno yalipita magunia milioni 14.

Tusipambe mno. Mwezi Februari 2013 wakulima wa Kolombia waligoma na kufunga barabara kwa sababu bei haikuwarudishia gharama zao. Jina zuri huongeza kitu juu ya bei ya New York. Bei yenyewe haliiamui.

Mizani ya huku kwetu

Tanzania haikuanza mikono mitupu. Chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa Moshi mwaka 1933, kituo cha utafiti cha Lyamungu kilianza mwaka 1934, na jina la Kilimanjaro linaheshimika Japani mpaka leo. Lakini jina hilo lilikuzwa na wafanyabiashara wa Kijapani, na ni kanuni zao zinazosema kwamba mchanganyiko ukiitwa Kilimanjaro, inatosha asilimia 30 tu ya buni iwe ya Tanzania. Kolombia iliandika kanuni yake yenyewe, na iliandika 100. Tofauti ya nambari hizo mbili ndiyo tofauti ya aliyeshika kalamu.

Ipo njia nyingine isiyohitaji miaka 32. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba Marekani isajili majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa alama zake za biashara, na mwaka 2007 Starbucks ikatia saini makubaliano nayo. Njia hiyo hulinda jina, ila haimkaushii mkulima buni wala haimpi mche mpya kutu inapoingia.

Kwa hiyo, bodi au ushirika unaotaka kuipeleka chapa ya kahawa, chai au korosho duniani ufuate mpangilio wa Kolombia: ushuru unaolipwa na kila msafirishaji na usioruhusiwa kutoka nje ya zao; bei ya kila siku inayomlipa mkulima kwa ubora; utafiti unaotangulia ugonjwa; mkataba unaomfunga mnunuzi; na mwisho kabisa, picha. Wizara ikiletewa kesho mchoro wa nembo mpya ya zao la taifa, swali la kwanza la kumwuliza aliyeuleta ni hili: mkataba wa asilimia ngapi umeambatanishwa nao?